Jembe Lisiwe Adhabu

Butere,
Jumapili jioni

Ndugu yangu,

Salamu nyingi kutoka huku. Sisi tu wazima, mvua imechangamka na mahindi yamefika magotini. Natumai baridi ya Njoro haijakumaliza. Ujumbe wako niliupata, lakini swali lako si la kujibiwa kwa simu, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Uliuliza kwa nini watoto waliozaliwa katikati ya ng'ombe na mahindi ndio wanaolichukia somo letu la kilimo. Jibu langu ni moja: sisi wenyewe tumewafundisha kulichukia. Hebu tazama shule zetu. Aliyechelewa paredi, jembe. Aliyepiga kelele darasani, fyekeo. Aliyenaswa akizungumza lugha ya nyumbani, akawachotee ng'ombe maji. Kisha kengele inalia, naingia mimi na chaki yangu kuwaambia kwamba kilimo ndicho uti wa mgongo wa nchi. Nani ataniamini? Na nyumbani nako baba, aliyechoka kusubiri malipo ya miwa, anamwambia, "Soma mwanangu, usije ukashika jembe kama mimi."

Muhula uliopita nikalileta jambo hili mkutanoni. Naibu wa mwalimu mkuu akaniuliza, "Sasa tuwaadhibu kwa nini, kwa hesabu?" Mwalimu wa hesabu aliruka kama aliyekanyaga siafu! Tulibishana hadi chai ikapoa, ila mwishowe kazi ya shamba ikaondolewa kwenye adhabu. Watundu siku hizi wanafagia. Sijui kama kufagia kunawarekebisha, lakini hilo halinihusu.

Sasa kila kundi lina kitalu chake, na wakivuna sukuma wanaiuza kwa jiko la shule. Hesabu za mapato na matumizi, zile tulizokuwa tukiwakaririsha ubaoni, sasa wanagombania wenyewe nani kaandika vibaya.

Juzi kidato cha pili waliona mahindi ya kitalu kimoja yamedumaa na kupauka. Kila mtu akawa na lake: mbolea haba, mbegu bandia. Nikawaambia wachimbue mmea mmoja wa mahindi kwa uma wa shamba, wasiung'oe, kisha wauoshe mizizi polepole kwenye karai. Udongo ulipotoka, vikaonekana vichipukizi vyeupe, vyembamba, vimeng'ang'ania mizizi. Kayongo, lile gugu nyonyaji! Wote wanaijua kwa maua yake ya zambarau, lakini hawakujua kwamba kabla haijachomoza imeshainyonya mimea huko chini. "Kumbe baba anamlaumu muuza mbegu bure," mmoja akasema. Hapo ndipo nilipowaeleza ile mbinu ya sukuma-vuta ya watafiti wa ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu, kule Mbita: desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde, katikati ya mistari, nyasi za napia pembeni. Mizizi ya desmodiamu huziamsha mbegu za kayongo kisha huzizuia kushika mahindi, na harufu yake humfukuza nondo wa kiwavi anayetoboa mabua, naye hukimbilia napia. Na vyote viwili ni lishe ya ng'ombe. Somo hilo sikulirudia mara ya pili.

Upande wa mifugo kuna msichana mmoja wa kidato cha tatu. Ng'ombe wa nyanya yake alilia usiku kucha. Alfajiri binti akaenda zizini, akaona ute usio na rangi, unaong'aa, kama tulivyosoma, na ndama mkubwa akimpanda ng'ombe naye ametulia tu. Akamwambia nyanya daktari wa ng'ombe aitwe jioni ampandishe kwa mbegu, maana anayeonekana asubuhi yuko kwenye joto, yaani anataka dume, hupandishwa jioni. Nyanya alimkemea kwanza. Mambo hayo mtoto wa kike anayajulia wapi? Lakini daktari aliitwa. Siku ya 21 darasa zima lilikuwa likiulizia ng'ombe huyo, na asubuhi yake binti akaingia akicheka: hajarudi kwenye joto. Nimewaonya kwamba hiyo si hakika ya mimba, tungoje daktari ampime, lakini tayari wameshahesabu miezi tisa na wanabishania jina la ndama.

Mtihani nao uko pale pale, usidhani nimesahau. Hapo ndipo ninapokuhitaji. Watoto wangu wanalitambua koleo la Burdizzo, lile la kuhasi madume, kwa picha tu; wanaandika kazi yake vizuri kabisa, lakini hakuna aliyewahi kulishika. Nakumbuka ulisema mnalo la akiba stoo. Tuazime kwa muhula huu. Lipakie kwenye matatu ya Kisumu, nauli ya mzigo nitalipa mimi, na likizo ya Agosti nitalirudisha mwenyewe ili nimsalimie shemeji na watoto.

Na wewe niandikie, huko kwenu watundu wanatumwa wapi?

Ni mimi,
Mwalimu Mbolea (ndivyo wanavyoniita, nami nimeshakubali)