Taarifa ya mwenyekiti ya mwaka: chai inayokauka na vipimo vya mizizi

Wanachama wenzangu, wazee wetu, akina mama na vijana, poleni na kazi. Mambo ya pesa mweka hazina amewawekea kwa karatasi yake, sitarudia. Nafasi yangu naitumia kwa kitu kimetuumiza mwaka mzima, hii chai kukauka viraka viraka, leo kichaka kimoja, msimu ujao vitatu kando yake, na mtu anaongeza mbolea akidhani shamba limechoka.

Shamba halijachoka. Kamati ikizunguka ilikuta alama zile zile, shina limepasuka karibu na ardhi, ukichuna gome kwa kisu unapata utando mweupe na harufu ya uyoga, na mara nyingi kuna kisiki cha mti wa zamani hapo chini. Hiyo ni Armillaria, kuvu inayoozesha mizizi. Inakaa ndani ya mizizi iliyobaki ardhini miaka na miaka, mzizi wa chai ukiigusa tu imehamia.

Wengine mliuliza mbona tulipe maabara kama macho yanaona. Macho yanaona kichaka kikishaanza kufa, na wakati huo kuvu imeshaingia kwa jirani zake. Tena ziko aina tofauti ambazo kwa macho zinafanana, zamani mtaalamu alikuwa anaotesha kuvu kwa sahani, anangoja wiki nyingi na bado anabaki na maswali. Kipimo cha maabara cha PCR, kile kile tulichokijua wakati wa korona, kinachukua kipande cha DNA ya kuvu, yaani chembe zake za urithi, kinakizidisha mara mbili mbili, raundi 30 zikienda vizuri kipande kimoja kinapita nakala bilioni moja, basi hata kidogo kilichojificha ndani ya mzizi kinaonekana. Kule Cape Town, kwa ile bustani ya zamani ambayo Waholanzi wa Kampuni ya India Mashariki waliianzisha 1652, ni DNA iliyoonyesha kuwa kuvu inayoua miti ni Armillaria mellea, na watafiti wakaona ilikuja kutoka Ulaya na mimea ya walowezi zaidi ya miaka 300 iliyopita. Ndio maana kamati ilikataa miche ya nasari ambazo hatujui udongo wake umetoka wapi, najua uamuzi huo uliwaudhi wengine lakini nausimamia.

Shida kubwa ilikuwa sampuli. Wengi walileta udongo mtupu kwa mfuko, majibu yakasema hakuna kitu, wakafurahi wakaanza kuchimba mashimo ya kupanda. Jamani, majibu hayo si ruhusa! Armillaria haikai sana kwa udongo wenyewe, iko ndani ya mizizi na vipande vya miti, halafu udongo wa juu wenye mboji una asidi zinazozuia PCR kufanya kazi, maabara isipopima pia sampuli ya kulinganisha, ile inayojulikana kuwa na DNA, inaweza kusema hakuna na kumbe ipo. Upande wa pili, ikisema ipo inaweza kuwa DNA ya kuvu iliyokwisha kufa, kwa hivyo majibu tuyasome pamoja na kile tunaona shambani.

Mwaka huu unaoanza lete mzizi, si udongo peke yake. Chimba kichaka kilichoanza kugeuka manjano, kile kimekauka kabisa kinakuwa na kuvu zingine nyingi za kuozesha, kata mizizi yenye utando na kipande cha kisiki kilicho karibu, funga kwa karatasi, andika sehemu ya shamba, na uoshe jembe kabla hujaingia kwa mistari mingine.

Anayetaka kukata mti wa kivuli asikimbilie msumeno. Chuna gome kuzunguka shina lote, uache mti usimame mpaka ukauke, wanga uliowekwa kwa mizizi uishe, kuvu ikose chakula, ndio ukate na ung'oe kisiki na mizizi yake. Vijana watakaosaidia kung'oa visiki wajiandikishe kwa katibu, na mwenye pengo shambani asipande mche hapo kabla kamati haijapita kuchukua mizizi.