Shukrani za familia kwa waliomsindikiza Mwalimu

Sisi mjane, watoto na wajukuu wa marehemu baba yetu tunawashukuru kwa dhati wote mliosimama nasi kwa hali na mali, tangu alipougua hadi tulipompumzisha. Madaktari na wauguzi, viongozi wa dini, majirani, walimu wenzake: hatuwezi kumtaja kila mmoja, mtuwie radhi.

Ila wanafunzi wake hatuwezi kuwapita hivihivi. Mlikuja wengi kuliko viti. Wengine mna mvi tayari, na bado mlimwita Mwalimu kwa sauti ya chini, kana kwamba angegeuka kukagua kama mmenawa wino. Mlituchekesha msibani mliposimulia lile somo lake la kwanza la kuchapa picha: mtoto anachonga jina lake kwenye kipande cha linoleamu, lile tandiko la sakafu, anapaka wino kwa rola, anasugua karatasi kwa mgongo wa kijiko, akiibandua jina limegeuka kama kwenye kioo. Hakumwonya mtu hata siku moja. Mama anasema nyumbani alikuwa vilevile, alituacha tukosee kwanza.

Linoleamu, alizoea kusema, haikutengenezewa wasanii. Mwingereza Frederick Walton aliivumbua miaka ya 1860, kwa mafuta ya kitani, ili watu waikanyage. Ndiyo maana baba hakuona haya kuokota mabaki ya sakafu zilizobomolewa na kuyapeleka darasani. Sisi ndio tuliona haya, tulipokuwa wadogo.

Mezani kwake tumekuta kazi ya mwisho: mikono ya Mama ikitunga uzi kwenye sindano. Alikusudia nakala 20. Alifikia 13, zote na sahihi yake ya penseli. Tuliwaomba ninyi mliofuata kazi yake mmalizie saba zilizobaki, mkakataa kwa upole. Mlitukumbusha kwamba nakala ambayo wino haukukolea aliichana papo hapo, na sasa hakuna wa kuchana kwa niaba yake. Siku ile tuliumia kidogo, tusifiche. Leo tunawashukuru kwa kukataa. Asanteni pia kwa kuosha rola zake, kunoa patasi na kupanga karatasi. Kwa kawaida mchapaji akimaliza idadi aliyopanga hukikwaruza kibao alichochonga kisichapwe tena. Hiki Mama hataki kiguswe.

Tuna ombi moja. Baba aligawa picha zake bila kuandika popote alimpa nani. Kama unayo, ni yako. Itundike mbali na jua, ila utujulishe jina la picha na nambari iliyo chini kushoto, tuweke kumbukumbu. Katika zile 13 za mwisho, nambari 4/20, yaani nakala ya nne kati ya 20, hatukuikuta. Kama alikupa wewe, tuambie tu. Hatutaidai.

Familia ya marehemu