Sheria ya walinzi wa pwani itamke nani anatoa amri na mafuta yanatoka wapi

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie sheria ya Kikosi cha Walinzi wa Pwani ya Kenya, ambayo tangu ipitishwe mwaka 2018 imesifiwa na wengi na kusomwa na wachache.

Sheria hiyo iliwatwika walinzi wetu mzigo mkubwa: walinde bandari na samaki wetu, wazuie mihadarati na uchafuzi wa bahari, na tena wawatafute na kuwaokoa waliopatwa na ajali majini. Hilo la mwisho ndilo lililonishikisha kalamu. Sheria ya mwaka 2006 iliyounda KMA, mamlaka inayosimamia masuala ya bahari, ilikuwa imekwisha kuipa mamlaka hiyo kazi ya kuratibu uokoaji, likiwemo jeshi la wanamaji miongoni mwa wanaoratibiwa. Kwa hivyo anayezama leo anahusika na sheria mbili, na kila moja ina mlango wake.

Nilizigonga mwenyewe hodi hizo. Msimu mmoja wa kusi, mashua ya binamu yangu ilizimika injini nje ya mwamba, jua limeshakuchwa, na simu yake imebaki chaji ya kusemea maneno mawili matatu. Ofisi ya kwanza niliyoipigia ilinielekeza kwa ya pili. Ya pili ikaniuliza kama nimeijulisha ile ya kwanza. Hatimaye wavuvi wenzake pale ufuoni walichangishana petroli, huyu nusu jerikani, yule lita tano, wakaenda kumvuta wenyewe, wakarejea naye alfajiri. Sikumlaumu aliyepokea simu, kwani hata yeye hakujua amri itoke kwa nani.

Mkasa wa Likoni wa Septemba 29, 2019, gari lilipoteleza kutoka kwenye feri ya MV Harambee likiwa na mama na bintiye, uliionyesha nchi nzima hali hiyo. Wanamaji, walinzi wa pwani na wapiga mbizi wa kibinafsi wote walifika, na bado ilichukua siku 13 kuiopoa miili kutoka kina cha mita 58. Kina na mikondo ya kivuko kile si mchezo, nakiri. Lakini jamaa waliokuwa wakingoja kando ya maji walistahili kumjua mkuu mmoja wa shughuli tangu saa ya kwanza.

Kuhusu fedha, kikosi kiko chini ya wizara inayosimamia usalama wa ndani, ambako kinagombea shilingi na polisi na machifu. Marekani, ambako walinzi wa pwani nao wako chini ya idara ya usalama wa ndani, walikosa mshahara Januari 2019 serikali ilipofungwa kwa mvutano wa bajeti, ilhali wanajeshi walio chini ya Wizara ya Ulinzi walilipwa. Ikiwa taifa lenye uwezo kama lile liliwasahau mabaharia wake kwa sababu ya dawati walilowekwa, sisi tuna kila sababu ya kutoacha mafuta ya boti za doria yategemee huruma ya bajeti ya kila mwaka.

Napendekeza Bunge liirekebishe sheria hii kwa namna mbili. Kwanza, itamke wazi kwamba taarifa ya ajali ikishapokelewa, afisa mmoja ndiye mwenye amri juu ya vyombo vyote, awe wa KMA au wa kikosi. Pili, sehemu ya ada ambazo meli za kigeni hulipa zinapotia nanga Mombasa na Lamu itengewe mafuta, matengenezo na mafunzo ya uokoaji pekee, na matumizi yake yasomwe bungeni kila mwaka. Wenye meli watalalamika kwamba gharama itamwangukia mnunuzi wa bidhaa, na hawatakuwa wamesema uongo. Ila wao pia wana mabaharia wanaohitaji kuokolewa. Wabunge walipata muda mwaka 2019 kukirekebisha kifungu cha 16 cha Sheria ya Meli za Biashara kwa ajili ya kampuni ya meli ya taifa, kwa hivyo muda si hoja.

Na mvuvi anayekwenda kuokoa kwa petroli yake arudishiwe gharama kwa mujibu wa sheria hiyo hiyo, kwa kuonyesha risiti ya kituo cha mafuta na saini ya mwenyekiti wa BMU, yaani kikundi cha usimamizi wa ufuo, wa pale anapovulia.

Mkazi wa Kwale