Sifuri nayo ni jibu

Mhariri,

Makala yenu ya wiki iliyopita kuhusu kusafisha data zenye matabaka ilinigusa panapouma. Mwandishi amefanya jema kuwaonyesha wanaoanza kwamba kazi hii haidai mtambo mkubwa, bali maktaba ndogo (kifurushi cha msimbo ulioandikwa tayari) ya lugha ya programu ya Python inatosha. Hapo niko naye. Lakini kuna mstari mmoja, ule unaoshauri kufuta "kila kilicho tupu" kwa mkupuo mmoja. Naomba msiuache upite hivihivi, kwa sababu mimi niliufuata nikawapoteza watoto.

Kazi yangu ni kupokea fomu zinazojazwa kwenye simu na kuzigeuza jedwali. Hufika kwa muundo wa JSON, kisanduku ndani ya kisanduku: kwenye kaya kuna orodha ya watoto, kwenye mtoto kuna chanjo, kwenye chanjo kuna dozi. Zamani nilikuwa nashuka ngazi moja moja kwa mkono, na kila ngazi niliiwekea "kama ipo" yake. Ngazi moja ikikosekana, matoleo ya Python ya wakati huo yalilalamika tu kwamba nimechungulia ndani ya None, yaani mahali pasipo na kitu. Ngazi ipi, nitafute mwenyewe.

Maktaba ya glom, aliyoitoa Mahmoud Hashemi mwaka 2018, iliniondolea adha hiyo. Naandika glom(kaya, 'mama.kituo.jina') na njia ikikatika inanitajia sehemu iliyokatikia. Nikitaka umbo jipya, nachora umbo hilohilo ninalolitaka na kila pengo nalielekeza data yake inakotoka. Mtu anayesoma msimbo wangu anayaona matokeo kabla hajauendesha. Naipenda kwa dhati.

Balaa lilianzia kwa ndugu yake. Hashemi ana maktaba nyingine, boltons, yenye kitendakazi kiitwacho remap. Hiki hupita kwenye mti mzima wa data, na kwa kila kitu kinachokutana nacho kinakuuliza: nibakishe au nitupe? Wewe unakipa kanuni ya kujibia. Mimi nilikipa bool(thamani), inayobakisha tu kile ambacho Python hukihesabu kuwa kweli, kama makala yenu inavyoshauri. Ni fupi, inapendeza, na mafaili yalipungua mno. Nilifurahi.

Siku mbili baadaye muuguzi aliyekuwa akikagua ripoti akanipigia. "Mbona hapa panasema hakuna mtoto hata mmoja asiyechanjwa? Wapo, niliwaandika kwa mkono wangu."

Nilifungua fomu moja ghafi nikaiweka kando ya ile iliyosafishwa. Kwenye ghafi palikuwa na chanjo, na ndani yake dozi: 0. Kwenye safi hapakuwa na kitu. Kwa Python, None huhesabiwa uongo, lakini 0 pia ni uongo, na False, na maandishi matupu, na orodha tupu. Kanuni yangu iliitupa sifuri. Kisanduku cha chanjo kikabaki kitupu, na kwa kuwa remap hukiuliza kisanduku baada ya kumaliza vilivyomo, nacho kikatupwa. Mtoto ambaye hajapata dozi hata moja akafanana kabisa na mtoto ambaye hakuna aliyemuuliza habari za chanjo. Na yeye ndiye hasa tuliyekuwa tunamtafuta!

Nilipotazama zaidi, swali la mzio wa dawa nalo lilikuwa limeliwa. Waliojibu "ndiyo" walibaki wote, waliojibu "hapana" walifutika, kwa sababu "hapana" huhifadhiwa kama False. Ripoti ilionyesha kwamba kila aliyejibu ana mzio.

Nakala ghafi zilikuwepo, hivyo niliirudia kazi yote usiku uleule. Asiyetunza ghafi hana pa kurudi, na katika makala yenu sikuona neno hata moja la kuwaambia wasomaji wazitunze.

Kwa hiyo naomba mchapishe sahihisho. Badala ya bool(thamani), iandikwe thamani is not None. Hii hufuta None pekee na kuiacha sifuri mahali pake. Waelezeni pia wanaotumia Coalesce ya glom kuweka thamani ya akiba: kwa kawaida akiba hiyo hutumika pale njia inapokosekana. Njia ikiwepo na mwisho wake ni None, utapewa hiyohiyo None, isipokuwa umeongeza skip=None. Wengi hudhani hali hizo mbili ni moja.

Maandishi matupu yana kesi yake. Huenda mtu alikataa kujibu, huenda simu iliruka swali. Hayo siyafuti kwa kanuni yoyote mpaka nimpigie aliyejaza fomu.

Ni mimi,
Msafishaji data