Mama, safari hii tunakuja

Mama mpendwa,

Shikamoo. Nawe kitinda mimba unayemsomea, soma polepole, usiruke mstari hata mmoja, hata pale nitakapomtaja Kaka.

Mama, nakuja. Nakuja na mjukuu wako. Tiketi nilizikata tangu mwezi wa kwanza nikanyamaza, maana mara mbili nimeshasema nakuja na sikuja, na mara ile ya pili niliambiwa ulifua mashuka ukatandika, ukangoja. Sikutaka utandike tena bure. Sasa zimebaki siku 19, tandika.

Pesa za mwezi huu na ujao sitatuma. Nauli imezimeza, kwani mtoto wa miaka 9 anakalia kiti chake na nauli yake haipishani sana na ya mtu mzima. Lakini sikukopa kwa mtu. Tiketi zote mbili nimezilipa kwa mshahara wangu wa uuguzi, na mtihani wa leseni ile nilifaulu mara ya kwanza, wenzangu wengi wakirudia. Nakala ya cheti nakuja nayo. Naomba itundikwe pale ukutani kwa Baba, chini ya picha yake. Kazi nilizofanya kabla ya hapo tuziache, zimepita.

Uliniuliza juzi watu wanapumuaje huko juu. Ni kweli ndege hupaa mita kama 10,000 na zaidi, na nje kuna baridi ya kugandisha, lakini hewa ya ndani inashindiliwa na mitambo, mtu anajisikia kama yupo juu ya mlima wa kawaida. Masikio yataziba wakati wa kupanda na kushuka, basi unameza mate tu. Lala usingizi wako siku hiyo, usikeshe kwa ajili yetu. Tutapanda ndege mbili, na katikati tutangoja kwa muda wa saa nne.

Orodha ya vitu nimeipokea. Ina majina 31. Kila mmoja wetu ameruhusiwa masanduku mawili ya kilo 23, na nimenunua mizani ya kuning'iniza ambayo kila usiku naitumia, natoa hiki, natia kile. Kitu cha kwanza kuingia ni mashine yako ya kupimia presha. Hiyo haitoki hata iweje. Manukato ya Shangazi yapo kwenye sanduku kubwa, kwa sababu chupa inayozidi mililita 100 haipiti ukaguzi wa begi la mkononi. Zile betri za kuchajia simu ni kinyume chake, zinakatazwa kwenye sanduku kubwa zisije zikashika moto kule chini pasipo mtu wa kuziona, kwa hiyo hizo nitazibeba mwenyewe. Aliyeomba kompyuta asinitazamie. Na nasema kwa uchungu, Mama: katika majina yote 31, ni wewe peke yako ambaye hukuomba kitu.

Pasipoti nilibadilisha pia. Ilikuwa imebakiza miezi minne, na nchi nyingi hutaka ibaki na sita, nami nina safari ya kurudi. Waliponipa mpya niliiweka kando ya ile ya zamani. Katika ile ya zamani nina uso mliouaga nilipoondoka. Usishtuke ukiniona.

Mjukuu wako anazungumza Kiswahili, tena safi. Humu ndani sikuruhusu lugha nyingine tangu alipoanza kutamka. Walimu wake walinishauri niache, nikakataa. Anakujua kwa sauti na kwa kipaji cha uso, maana kwenye simu huwa unaonyesha kipaji tu. Wiki iliyopita aliniuliza, "Bibi ananukiaje?" Nilikwenda kusimama jikoni kwanza ndipo nikaweza kumjibu.

Sasa mwite Kaka akae hapo asikie.

Kaka, siku tuliyomzika Baba ulisimama mbele ya watu ukasema wapo watoto wanaothamini kazi kuliko mzazi. Nilisikia. Aliyenishikia simu nione mazishi aliitia mfukoni akasahau kuikata. Kwenu ilikuwa saa nane mchana, kwangu saa moja asubuhi. Miaka minne nimekaa na maneno yale, kila tukiongea nakuuliza hali, unanijibu nzuri.

Makaratasi yangu ya ukaazi yalikuwa yanasubiri kuongezwa muda. Ningetoka wakati ule, ombi lingehesabika nimelitupa, na nisingeingia tena. Mtoto alikuwa na miaka 5. Dawa za Baba zililipwa na mshahara huo hadi wiki yake ya mwisho, nawe unajua, kwa sababu pesa zilipitia mkononi mwako. Sikusema ukweli kwa sababu nilikuwa nimeshawaambia makaratasi yalikwisha kukamilika. Nilimdanganya Baba ili asiwe na wasiwasi, halafu nikashindwa kujitoa kwenye uongo wangu. Hilo ni kosa langu na nitalibeba. Lakini kumthamini Baba nilimthamini. Baada ya ile simu nilikwenda kazini nikaogesha wazee wanne, wazee wa watu, na kila mmoja nilimshika kama ningemshika yeye.

Nimemaliza. Sitalirudia mbele ya watu, wala sitaki kikao cha ukoo kiitwe kwa ajili yangu.

Mama, wiki ya kwanza mtatusikia tunatembea usiku wa manane na mchana tunasinzia. Hatuumwi. Tofauti ni saa saba, na mwili hurudi taratibu, kama saa moja kwa siku. Tutakaa wiki tano. Chumba changu nasikia amehamia mtu, asihamishwe, nitalala kwako. Nataka kulala kwako.

Ndege inatua Jumamosi saa tatu asubuhi. Hadi tupigiwe mihuri na kusubiri masanduku itakuwa imetimia saa tano. Nakuomba watu wasijazane kwenye gari kuja kunipokea. Aje Kaka peke yake. Najua utakuwa umeketi mlangoni tangu alfajiri, na najua nitakuumiza kukungojesha, lakini tutapitia kwa Baba kwanza, sisi wawili na mtoto. Kwenye ile picha ya mwezi uliopita niliona majani yamemfunika hadi kwenye jina. Kaka aje na jembe, na lingine anibebee mimi.

Mwanao