YAH: Gari langu la maharusi mlilolichomelea likiwa limepinda

Kwa Meneja wa Gereji,
Mwanga, Kigoma.
14 Agosti 2024

Ndugu Meneja,

Kichwa cha habari hapo juu chahusika. Nimefika ofisini kwako mara nne kuyasema haya kwa mdomo, na mara zote nimeambiwa umetoka. Leo nayaandika, kwa heshima na taadhima, ili yasije yakapotea.

Utaratibu wenu mnaujua wenyewe, umebandikwa ukutani nyuma ya keshia. Kazi ya kuchomelea ina dhamana ya miezi mitatu, na mteja hakabidhiwi gari kabla halijajaribiwa barabarani naye akiwa ndani. Sina haja ya kuwasomea karatasi yenu. Gari langu jeupe, lile la wazi lenye paa la turubai, lilizungushwa uani mara moja, fundi akiwa peke yake, mimi nikiwa bado nasubiri chenji dirishani.

Nililileta Jumatatu ya tarehe 15 Julai kwa sababu lilikuwa linatetemeka. Matairi nilishafanya balansi, bushi mpya, shokapu mpya. Ugonjwa ulikuwa kwenye bodi. Ukipita penye vishimo kwenda Ujiji, hata kwa mwendo wa arobaini, kioo cha ndani kinacheza mpaka msafara ulioko nyuma huuoni sawasawa, usukani unatetemeka mikononi, na dashibodi inagonga kama meno ya mtu mwenye homa. Maua ya boneti yanamwagika kabla hatujafika kanisani.

Siku hiyo fundi mkuu alinisikiliza vizuri, na hilo ndilo linaloniuma zaidi sasa. Nilimpa mfano wa debe la mawese. Debe likiwa zima, mtu mzima analikalia. Likate juu, ulishike kwa pembe mbili ulisokote, linafuata mikono yako. Gari lisilo na paa ndivyo lilivyo. Paa ndilo linalofunga boksi. Likiondoka, kazi yote ya kuzuia kujisokota inabaki kwa sakafu na vizingiti viwili vya chini ya milango. Ndiyo maana viwanda vinavyotengeneza magari ya wazi haviishii kuondoa paa: huongeza mabati mazito ndani ya vizingiti, mihimili chini ya sakafu, chuma ndani ya nguzo za kioo cha mbele, hata gari la wazi mara nyingi likawa zito kuliko ndugu yake mwenye paa. La kwangu limezeeka, vizingiti vimechoka. Tukapatana skwea paipu, yaani bomba la chuma la pembe nne, chini ya kila kizingiti, kutoka nyuma ya tairi la mbele hadi karibu na tairi la nyuma, chuma cha msalaba chini ya sakafu kuunganisha pande mbili, na kingine cha kufungwa kwa nati kati ya vichwa vya shokapu za mbele. Shilingi 1,850,000. Nikalipa 1,400,000 papo hapo.

Jumatano nilipita kuangalia. Nilikuta gari langu limenyanyuliwa juu ya stendi tatu za chuma, na kona ya nne, ya nyuma kushoto, imewekwa juu ya gogo la mchikichi. Ndugu Meneja, wewe ni mtu wa Kigoma. Gogo la mchikichi ni nyuzinyuzi tupu, likibebeshwa mzigo linabonyea. Kona ile ilikuwa imeshuka, niliiona kwa macho. Milango yote miwili ilikuwa wazi, na kijana alikuwa chini anachoma paipu kwa mstari mmoja mrefu bila kupumzika, betri haijafunguliwa. Nikamwambia gari hili linatakiwa likae juu ya matairi yake, kwenye shimo lenu lile la kubadilishia oili, milango imefungwa, lipimwe kona kwa kona kwanza. Kuchoma kwenyewe ni vipande vifupi, huku kidogo na kule kidogo, chuma kipoe. Ukichomea gari likiwa limejisokota, unaufunga msokoto humo ndani moja kwa moja. Kijana akasema bosi ndiye aliyeagiza. Akaendelea.

Na sasa nifike Jumatatu ya tarehe 29 Julai.

Nilisimama uani kwenu na karatasi yenye vipimo mkononi. Nikamwambia fundi mkuu kwamba mlango wa abiria haufungi. Hakuutazama mlango. Alinitazama mimi, akasema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani: "Mama, mambo ya chasisi huyawezi. Kamlete mumeo niongee naye." Watu wakacheka.

Mume wangu nilimzika mwaka 2019.

Alikuwa mchomeleaji karakana ya reli hapa hapa Kigoma. Vipimo nilivyokuwa navyo mkononi nilifundishwa naye kuvichukua. Miaka kumi na nane nilimshikia futi upande wa pili, yeye akipima, mimi nikiandika. Na kwa kuwa fundi wenu alitaka kuzungumzia chasisi, basi ajue kwamba gari langu halina chasisi. Bodi yenyewe ndiyo chasisi. Alipoendelea kusema kwamba Land Rover zinafunguliwa paa kila siku na hazitetemeki, alikuwa analinganisha vitu viwili tofauti kabisa. Land Rover zile za kazi zina fremu yake nzito chini, bodi imekalishwa juu tu, paa ukilitoa fremu inabaki ilivyo. Mtu anayechukua shilingi milioni moja na laki nane za watu kwa kazi hii alitakiwa alijue hilo kabla ya kuwasha mashine.

Mlango ulianza kukataa siku ile ile ya kwanza. Mlinikabidhi gari Ijumaa ya tarehe 19 saa mbili usiku, nikamalizia 450,000, na Jumamosi nilikuwa na harusi Mwandiga. Asubuhi mlango wa abiria ulifungwa kwa kuupiga teke. Ulipofungwa haukufunguka tena. Bibi harusi alishukia upande wa dereva, akavuka kiti na gia akiwa na gauni lake, watu mia wanamtazama, matarumbeta yanapiga. Gauni lilinasa kwenye breki ya mkono likachanika pindo kiasi cha shubiri mbili. Mama yake alipiga magoti kwenye vumbi kulibana na pini. Kamati haikunilipa 300,000 zilizobaki, wala sikuthubutu kuzidai.

Na kutetemeka kuko pale pale. Afadhali ya zamani, maana sasa limeongezeka na mlio. Tarehe 3 Agosti, nikirudi kutoka Bangwe, nilisikia kishindo chini ya miguu yangu. Nilipoinama nikakuta ufa wa urefu wa kidole pale paipu yenu ya kulia inapoishia. Paipu ya milimita tatu imechomewa moja kwa moja kwenye bati lisilofika hata milimita moja na nusu, imekatwa ghafla, hakuna hata kipande cha bati pana cha kusambaza nguvu. Lazima bati lipasuke hapo. Nilipochungulia ndani nikaona hamkupaka hata redioksaidi, ile rangi ya kuzuia kutu, na unyevu wa ziwa mnaujua. Taa ya onyo kwenye dashibodi inawaka tangu siku niliyolichukua. Kapeti limeungua mahali pawili. Chuma cha kati ya shokapu hakipo kabisa, na kwenye risiti kazi yote imeandikwa maneno matatu: matengenezo ya bodi.

Kabla ya ile tarehe 29 Julai nilikuwa nimelipeleka kwa fundi mwingine, kijana mdogo tu wa Gungu, akalishusha shimoni juu ya matairi yake. Alipima kutoka kona ya mbele kulia hadi nyuma kushoto, kisha ile nyingine. Vipimo viwili hivyo vinatakiwa kulingana. Tofauti milimita 17. Akapima tena mbele yangu, 17 tena. Hakucheka. Alinikalisha kwenye benchi, akaniambia, "Pole mama, walikunyanyulia vibaya."

Hizo ndizo namba zilizokuwa kwenye karatasi tarehe 29. Narudi hapo, uniwie radhi, kwa sababu nataka uione siku ile kama nilivyoiona mimi. Ilikuwa saa nne asubuhi. Fundi mkuu alikuwa amekaa juu ya tairi, chai mkono mmoja, chapati mkono mwingine. Nilimwamkia. Nilimnyooshea karatasi. Hakuipokea, kwa hiyo mkono wangu ukabaki hewani na karatasi inapepea, mimi mtu mzima mwenye wajukuu. Ndipo akasema, "Mama, mambo ya chasisi huyawezi. Kamlete mumeo niongee naye." Walikuwepo mafundi sita, wateja wawili, na mama muuza uji. Wakacheka mafundi na mteja mmoja. Yule kijana aliyechomea siku ya Jumatano hakucheka, aliinamisha kichwa akawa anasugua spana ambayo haikuwa na uchafu. Mama muuza uji, anayejua nilimzika nani, alifunika ndoo yake akaondoka. Nikamjibu fundi kwamba mume wangu yuko makaburini. Akasema, "Basi kaka yako." Akauma chapati.

Hilo sitalisahau. Mlango unatengenezeka.

Mji huu, Ndugu Meneja, una historia ya chuma. Meli ya Liemba ilitengenezwa Ujerumani mwaka 1913, ikafunguliwa vipande, ikafungwa kwenye makasha, ikaja hadi hapa ikaunganishwa upya kwa ribiti. Wajerumani wenyewe waliizamisha mwaka 1916, ikaopolewa 1924, na 1927 ikarudi kazini ikabeba watu wetu miaka na miaka. Hivyo siwezi kukubali nikiambiwa kwamba paipu mbili na chuma cha msalaba ni kazi isiyowezekana Kigoma.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kuomba mrudie kazi: mkate paipu zote, mlinyooshe gari likiwa shimoni, mlipime mbele yangu, mchomee upya na bati za kusambaza nguvu kwenye ncha, mpake rangi, mfunge na chuma cha shokapu. Nimesoma nilichoandika hadi hapa na nimebadili nia. Sitaki mkono wa gereji yenu uguse tena gari hili. Nataka 1,850,000 zangu zote. Nataka 300,000 za Mwandiga, gharama ya gauni la yule binti, na gharama ya fundi mwingine kukata vyuma vyenu na kunyoosha bodi, ambayo nitawaletea kwa maandishi. Harusi mbili za mwezi huu nimezirudisha kwa wenyewe, na hizo nazo nitazidai.

Na fundi mkuu aniombe radhi. Pale pale uani, saa nne asubuhi, mafundi wale wale wakiwepo, na mama muuza uji aitwe. Simu haitoshi, wala kutumwa mtu mwingine kwa niaba yake.

Nawapa hadi Jumatano ya tarehe 21 Agosti, saa kumi jioni. Baada ya hapo nakwenda Mahakama ya Mwanzo na risiti, picha za ufa na vipimo vya milimita 17, na nakala ya barua hii itakwenda Tume ya Ushindani, maana Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamlinda pia mteja wa gereji. Wamiliki wote wa magari ya maharusi kuanzia hapa hadi Kasulu tunafahamiana, na kamati za harusi tunafahamiana nazo. Nitawaeleza wote, mmoja mmoja, na nitawataja kwa jina ninyi ambao kwenye barua hii nimewastahi.

Gari liko nyumbani, juu ya matairi yake manne. Mkitaka kuhakikisha vipimo, mje na futi yenu. Upande wa pili nitaushika mwenyewe.

Mteja wenu,
Mwenye gari jeupe la turubai,
Mwanga, Kigoma.