Chotara wa pudeli: kwa nini brashi ya kila siku haitoshi

Chotara wa pudeli, yaani mbwa aliyezaliwa na pudeli (poodle, mbwa wa manyoya ya kujikunja) na mbwa wa aina nyingine, hufika kwenye saluni yetu ya mbwa manyoya yake yamesimama vizuri, yananukia, na mwenyewe anatuambia humpiga brashi kila siku. Tunamwamini. Lakini tukiingiza kitana cha chuma nyuma ya sikio, kinakwama kabla hakijafika kwenye ngozi. Chini ya manyoya yale laini kuna tabaka lililoshikana kama mkeka. Brashi imekuwa ikipita juu tu.

Wengi waliambiwa wakati wa kununua kwamba chotara wa pudeli hapukutishi manyoya. Walichoelewa ni kwamba kumtunza hakuna kazi. Manyoya ya mbwa wote hufa na kung'oka. Kwa Labrador, mbwa wa manyoya mafupi, huishia kwenye zulia, na kwa pudeli hunaswa na manyoya mengine yanayojikunja. Chotara anaweza kurithi pande zote mbili: manyoya ya ndani yanayong'oka kwa wingi, na ya nje yanayoyashika yasitoke.

Kwa hiyo kwanza mjue mbwa wako. Wapo wenye manyoya ya singa, yaliyolala. Hawa hupukutisha, ila kuwachana ni rahisi. Wapo wa mawimbi, ndio wengi tunaowaona, na wapo wa kipilipili, ambao manyoya yao yamejikunja hadi ngozini. Watoto wa tumbo moja wanaweza kutofautiana kabisa. Mwaka 2009 watafiti walionyesha kwamba jeni tatu tu zinaeleza sehemu kubwa ya tofauti za manyoya ya mbwa: moja ya urefu, moja ya kujikunja, na moja ya masharubu na nyusi. Hiyo ya tatu unaweza kuiona kwa macho. Mtoto mwenye uso mtupu, asiye na ndevu, tarajia atapukutisha.

Wengi pia huambiwa kwamba mbwa hawa hawaleti mzio (aleji), na hapo tunasema ukweli hata kama haupendezi. Chotara wa pudeli na Labrador, aitwaye labradoodle, alipata umaarufu baada ya Wally Conron wa Australia kuwapandisha mbwa hao mwaka 1989, akimtafutia mwanamke asiyeona wa Hawaii mbwa wa kumwongoza, kwa kuwa mumewe alikuwa na mzio wa mbwa. Lakini kinacholeta mzio kimo kwenye mate na magamba ya ngozi, na utafiti wa Uholanzi wa mwaka 2012 haukukuta kiwango chake kuwa kidogo zaidi kwa mbwa wanaosifiwa kwamba hawaleti mzio. Kama nyumbani kuna mwenye mzio, akae na mbwa huyohuyo kwanza kabla hamjaamua.

Sasa kuchana. Mlaze mbwa, anzia chini mguuni. Kwa mkono mmoja yapandishe manyoya hadi uone mstari wa ngozi, kisha chana kutoka kwenye mstari huo kwenda nje, kidogo kidogo, ukipanda. Maliza kwa kitana. Kikipita toka ngozini hadi nchani bila kukwama, hapo pamechanwa. Kwapani, nyuma ya masikio, chini ya mkanda wa shingoni na kati ya mapaja ndiko mafundo huanzia. Na usimwogeshe kabla ya kumchana, kwani fundo likilowa na kukauka hukaza zaidi.

Mafundo yakishafika ngozini mwili mzima, tunanyoa fupi. Wateja wengine huumia moyo, na tunawaelewa, lakini kuyafumua ni kumvuta mbwa ngozi kwa saa nyingi, nasi hatufanyi hivyo. Chini yake mara nyingi tunakuta wekundu, unyevu, hata vidonda. Masikio yaliyobanwa na mafundo muda mrefu yanahitaji uangalizi baada ya kunyolewa: mbwa akitikisa kichwa sana, sikio linaweza kuvimba kwa damu kuvujia ndani. Ukiona hivyo, mpeleke kwa daktari wa mifugo.

Kipindi kigumu kuliko vyote ni pale manyoya ya utoto yanapopisha ya ukubwani, kwa kawaida kati ya miezi 6 na mwaka na kidogo. Mbwa aliyekuwa anachanika kwa dakika chache anaanza kufunga mafundo kila siku, na mwenyewe hudhani amekosea kitu. Mlete kabla ya hapo, mara tu chanjo zake zinapokamilika, hata kama hana cha kukatwa. Siku hiyo tunamsikilizisha mlio wa mashine ya kunyolea, tunamshika miguu na kumkata kucha, basi. Baada ya hapo wa kipilipili arudi kila wiki 4 hadi 6. Wa singa anaweza kukaa zaidi.